Cheti kilisema breki nzuri, silinda ilikuwa inavuja

Mhariri,

Mwezi wa Ramadhani uliopita, yapata saa tano usiku, nilikuwa nampeleka binti mjamzito kutoka hapa Bombo kwenda hospitali Kampala. Uchungu ulimshika tangu alasiri, miguu imevimba, kichwa kinamgonga, na mimi niliyefanya ukunga zaidi ya miaka thelathini sikuipenda hali ile. Gari ni langu, Suzuki Alto ya mwaka 2006, mojawapo ya vile vigari vya Kijapani vya cc 660 ambavyo watu wa taksi wanaviita viberiti. Tulipokuwa tunateremka kuingia Matugga, lori lililokuwa mbele yetu likafunga breki. Nami nikakanyaga. Pedali ilizama kuliko kawaida, mkia wa gari ukayumba, na gari zima likavuta kulia, upande wa magari yanayotoka mjini. Mwenyezi Mungu alitusitiri, upande ule ulikuwa mtupu. Nililirudisha, nikasimama kando, nikasubiri mikono iache kutetemeka, kisha tukaenda mwendo wa pole hadi mjini. Alfajiri binti alijifungua salama.

Asubuhi hiyo hiyo nilimwita fundi wangu, kijana aliyejifunzia kazi kwenye karakana ya jeshi. Alipiga jeki, akavua gurudumu la nyuma la kushoto, akagongagonga ngoma ya breki mpaka ikatoka. Akachuchumaa kimya. Halafu akaniita, "Mama Hajati, njoo uone mwenyewe."

Ndani ya ngoma kuna kidude kidogo kinaitwa silinda ya gurudumu, hakizidi kidole gumba. Ndicho kinachosukuma viatu vya breki vibane ngoma ukikanyaga. Raba zake zilikuwa zimekufa. Mafuta ya breki yalikuwa yanachuruzika na kulowesha viatu, na vumbi jekundu la barabara zetu lilikuwa limeshikamana na mafuta hayo mpaka likawa tope zito, gumu kama udongo wa chungu. Fundi alilikwangua kwa bisibisi. "Hii si ya jana, Mama. Hii ni ya miezi."

Mhariri, ndani ya gari hilo hilo kulikuwa na karatasi yenye mhuri, ya wiki sita tu nyuma, iliyosema: breki, nzuri. Niliitafuta kwa sababu chama chetu cha akiba na mikopo kilitaka ripoti ya hali ya gari kabla ya kunikopesha. Nikalipeleka kwenye gereji moja mjini, nikalipa nilichoambiwa. Mkaguzi alikaa nalo kama dakika kumi na tano. Aliwasha taa, akapiga honi, akakanyaga pedali mara mbili gari likiwa limesimama, akafungua boneti, akaandika. Hakuna gurudumu hata moja lililoinuliwa kutoka chini. Nami nikaikunja ile karatasi, nikaitia kwenye kisanduku cha dashibodi, na kwa wiki sita nikapakia wajawazito nikiamini gari langu ni zima.

Naandika kwa sababu kila kigari kama hiki kinapopata ajali, nasikia watu wakisema gari hizi si gari, ziondolewe barabara kuu. Sikubaliani nao. Udogo una hatari yake, sitaukana, maana ukigongana na lori hakuna bati la kukulinda. Lakini lililotaka kuniua Matugga halikuwa udogo. Hata taksi ya abiria kumi na wanne ingeyumba kwa silinda iliyooza. Kilichotaka kuniua ni kwamba tangu gari liingie Uganda hakuna mtu aliyelazimika kulichungulia chini, na karatasi ninayobeba haithibitishi ninachodhani inathibitisha.

Hebu tulifuatilie gari lenyewe. Kwao Japani magari haya yana daraja lake. Kwa vipimo vya tangu 1998, urefu hauzidi mita 3.40, upana mita 1.48, injini cc 660, na abiria ni wanne, hawazidi. Gari jipya la familia hukaguliwa kwa mara ya kwanza likitimiza miaka mitatu, halafu kila baada ya miaka miwili. Ukaguzi wenyewe si wa kupiga honi. Gari linapandishwa kwenye rola, magurudumu yanazungushwa na mashine, dereva anakanyaga breki, na mashine inasoma nguvu ya kila gurudumu peke yake. Linapitishwa juu ya bamba linaloonyesha kama magurudumu ya mbele yanakwenda sawa au yanateleza pembeni, na kiwango chao ni milimita 5 kwa kila mita 1. Taa zinapimwa zinamulika wapi. Moshi unapimwa. Mtu anaingia chini na kugonga viungo.

Sasa hesabu nami. Gari langu ni la 2006. Kama wenyewe waliifuata sheria yao, lilipita kwenye mashine hizo 2009, 2011, 2013, 2015 na 2017. Mara tano. Liliingia Uganda mwaka 2019 kupitia Mombasa, mwalimu mmoja akalinunua bondi ya Nakawa, yaani ghala la forodha linalouza magari yaliyoagizwa, nami nikalinunua kwake 2021. Tangu 2019 hadi usiku ule wa Matugga halijapandishwa kwenye rola hata mara moja. Na hapa ndipo mashimo yalipo, ndipo vumbi lilipo, ndipo tunapopakia watu sita na mikungu miwili ya matoke.

Najua wapo watakaosema gari lilikaguliwa kabla ya kupakiwa melini. Kweli, Shirika la Viwango la Uganda, UNBS, linadai ukaguzi huo kwa magari yaliyotumika. Na sheria iliyoanza kutumika 2018 inakataza kuingiza gari lililozidi umri wa miaka 15. Yote mawili ni mema. Lakini yote mawili yanaishia mlangoni. Gari likishapita mpaka wa Malaba au Busia, hakuna anayelihesabia tena umri. Kwa umri wake, langu lisingeruhusiwa kuingia leo, lakini gari lenyewe linatembea kila siku.

Kazi yangu imenifundisha hili vizuri zaidi kuliko gari. Mama akija kliniki na mimba ya miezi mitano, ukapima presha ukaikuta sawa, je, unampa karatasi ya kumtosha hadi ajifungue? Zamani tuliridhika na mahudhurio manne. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani likapendekeza yawe manane, kwa sababu presha inayoua hupanda mwishoni, na aliyepimwa mwezi wa tano hajapimwa mwezi wa nane. Kadi ya mama ina safu nyingi, na kila safu ina tarehe na namba. Hatuandiki "presha nzuri". Tunaandika namba ya juu na namba ya chini, ili atakayempokea baadaye aone inakokwenda.

Karatasi yangu ya gereji haikuwa na namba hata moja. Kama ingeandika nguvu ya breki ya kila gurudumu, kushoto kwa nyuma kungejitangaza kwenyewe. Kwenye rola haiwezekani gurudumu lenye viatu vilivyolowa mafuta lifanane na mwenzake. Haihitaji fundi mwerevu wala mkaguzi mwaminifu sana. Mashine inachora, wewe unasoma.

Nchi hii ilikuwa imeanza. Vituo vya ukaguzi wa lazima vilijengwa chini ya mkataba na kampuni ya Uswisi, SGS, na kimoja kiko Kawanda, barabara hii hii yetu. Watu walilalamikia ada, wakalalamikia umbali, wakalalamikia jinsi mkataba ulivyopatikana, na mwaka 2017 Bunge likasimamisha. Nitasema ukweli, siku ile nilifurahi. Sikuwa na gari bado, lakini mdogo wangu alikuwa na taksi na nilimhesabia shilingi alizookoa. Leo kila nikienda mjini nikipita Kawanda naangalia upande ule na moyo unaniuma, kwa kuwa tulikuwa na haki ya kugomba juu ya bei na mkataba, ila tulipomaliza kugomba hatukuurudisha ukaguzi wenyewe. Kilichobaki ni wakaguzi wa magari wa polisi, nao tunakutana nao zaidi baada ya ajali. Gari likishapondeka ndipo breki zake zinapimwa na kuandikiwa ripoti.

Lakini Mhariri, nisije nikawapotosha wasomaji wadhani rola itaona kila kitu. Vigari hivi vina magonjwa ambayo mashine ya ukaguzi haiyaoni kabisa, na mengi tunayaleta wenyewe.

La kwanza ni joto. Injini hii ni ndogo, kichwa chake ni cha alumini, na ikichemka mara moja vizuri kichwa kinapinda na gasketi inaungua. Nililinunua gari likiwa na maji matupu kwenye rejeta, maji ya bomba, yamekuwa rangi ya chai. Fundi alipofungua njia ya maji akakuta themostati haipo. Imetolewa. Nimeuliza mafundi wanne, wa hapa na wa Wobulenzi, na watatu wakaniambia wao huitoa kila gari linapokuja, eti sisi ni nchi ya joto. Hilo ni kosa, na nawasihi wenye magari walikatae. Themostati ndiyo inayoiacha injini ipate moto wake sawa na kisha kuushikilia pale. Ukiitoa, asubuhi injini inakwenda baridi muda mrefu, inakunywa petroli, oili inachafuka upesi. Na themostati iliyokwama haiponi kwa kutupwa, inabadilishwa. Maji matupu nayo yanakula alumini kutoka ndani na kuozesha pampu. Dawa ya rejeta ipo kwa wauza vipuri wa Kisekka na Ndeeba, Kampala, na ni rahisi kuliko kichwa cha injini.

La pili ni oili. Injini ya Alto yangu inaitwa K6A, silinda tatu, cc 658, na ina cheni ya taimingi badala ya mkanda. Wauzaji wanaisifia: "Hii ni cheni, haibadilishwi." Hiyo ni nusu ya ukweli. Cheni inadumu kama oili ni safi, kwa sababu kinachoikaza ni msukumo wa oili yenyewe. Injini nzima haibebi hata lita tatu. Gari kubwa likila nusu lita, mwenyewe hajui. Hili likila nusu lita limebakia na deni kubwa. Na kwa kuwa injini ni ndogo na gari langu lina gia tatu tu za otomatiki, njia nzima ya kwenda Kampala injini inalia kwa juu. Oili inachoka mapema. Ukisikia asubuhi, sekunde za kwanza baada ya kuwasha, mlio wa kokoto ndani ya kopo, hiyo ni cheni iliyoanza kulegea. Gari la namna hiyo litapita rola, litapita taa, litapita moshi, litapewa cheti, na mwezi ujao linaweza kukuacha njiani.

Oili hiyo hiyo huvuja pia kwenye gasketi ya kifuniko cha juu, ikashuka kwenye visima vya plagi na kuharibu koili, vidude vinavyopeleka umeme kwenye plagi. Gari linaanza kutetemeka kama mtu wa malaria, na unaweza kuuziwa pampu ya petroli usiyoihitaji. Kabla ya kununua chochote, mwambie fundi achomoe koili uone kama chini yake kumelowa.

Halafu kuna viungo vya mbele. Hapa rola haisaidii sana, lakini mtu aliye chini ya gari mwenye tochi na nondo anaona. Boljointi na tai rodi, viungo vinavyoshika na kugeuza magurudumu ya mbele, vimevikwa vifuko vya raba. Raba ikipasuka, vumbi linaingia, grisi inatoka, na kiungo kinasagika kimya kimya. Mimi nilibadilisha boljointi mbili mwaka wa kwanza. Fundi alinionyesha ya kulia, unaicheza kwa mkono kama jino la mtoto. Ikichomoka gari likiwa mwendoni, gurudumu linalala ubavu. Tena vifuko vya ekseli navyo ni raba, na vikipasuka utasikia tak-tak-tak ukikata kona. Kifuko chenyewe ni cha bei ndogo. Ukisubiri unanunua ekseli nzima.

Magurudumu nitayapitia haraka. Alto inavaa tairi nyembamba ya inchi 13, na kwa kuwa hazipatikani kila duka, watu wanalazimisha pana zinazokwangua matao, au wanavaa kuukuu lililokauka na kupasuka pembeni. Kuhusu uzito, gari lenyewe ni kilo 700 na kitu, limeumbiwa watu wanne. Sitaki kusema zaidi, kila mwenye kigari anajua anachopakia.

Kutu, hata hivyo, lazima niitaje, kwa sababu wanunuzi wa bondi hawaikagui. Baadhi ya magari haya yametoka sehemu za kaskazini mwa Japani ambako barabara humwagiwa chumvi wakati wa theluji. Juu rangi inang'aa, chini kumeliwa. Lala chini, chungulia kizingiti cha mlango na mkono wa nyuma unaoshika gurudumu, gonga kwa bisibisi. Pakilia kama bati bovu, ondoka. Na usisadiki kilomita za dashibodi bila kuangalia raba ya pedali ya breki. Gari la kilomita 60,000 halina pedali iliyolika hadi chuma.

Ninachoomba, basi, kwa Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi na kwa wabunge wetu, ni kwamba ukaguzi wa lazima urudi, kwa ada ambayo mwenye kigari cha cc 660 hatalipa sawa na mwenye lori, na kwa mashine za kuhamishika zinazoweza kukaa wiki moja Luweero, wiki nyingine Nakasongola, ili mtu asifunge safari ya siku nzima kwa ajili ya mhuri. Karatasi itakayotolewa iwe na namba: breki ya kila gurudumu, kina cha mifereji ya tairi, kilomita za siku hiyo. Ikae na gari, siyo na mtu, ili atakayelinunua aione historia kama ninavyoiona kadi ya mama. Na mpaka hayo yafike, gereji yoyote inayotoa ripoti kwa vyama vya mikopo au kwa bima ilazimike kuandika ni magurudumu mangapi iliyainua. Kama haikuinua hata moja, iandike sifuri. Mimi ningeiona sifuri ile, nisingempakia yule binti.

Silinda mbili za nyuma tumezibadilisha zote, kushoto na kulia, na viatu vyote vinne, na mafuta ya breki yote yakamwagwa yakawekwa mapya. Fundi amekubali kuja kwangu kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi baada ya adhuhuri. Hatozi kwa kuangalia, anatoza kwa kutengeneza. Mwenye kigari chochote hapa Bombo na aje, aje na jeki yake, maana tuliyo nayo ni moja.

Mkunga mstaafu,
Bombo, Wilaya ya Luweero